Lipu ya Nta

Maabara ya Wete, saa mbili na robo asubuhi.
Kikopo kimeandikwa kwa kalamu ya risasi:
Shaame Asaa, Mtambwe, mwashi, miaka arobaini na mitatu.
Makohozi ya alfajiri, yenye uzi wa damu.
Nayapaka kwenye kioo, nayakausha,
namwagia nyekundu, napitisha moto chini
mpaka rangi itoe mvuke.
Nangoja. Kisha asidi.

Hapa ndipo wengine husalimu amri.
Bakteria yeyote aliyevaa nyekundu huvuliwa,
akaondoka na maji ya karo.
Huyu havuliki.
Nimeosha, nimeosha tena, nimepaka buluu juu,
na kwenye darubini yupo: kijiti chekundu
kimejilaza, hakina wasiwasi,
kama mtu aliyejifungia ndani
na mvua ya nje haimhusu.

Shaame aliomba kumwona.
Imekatazwa. Nikampa barakoa, nikamsogezea kiti.
Alifumba jicho moja, vile anavyopima timazi,
akanyamaza, kisha akauliza la fundi:
"Kajengea nini?"

Ndani kuna wavu, nikamwambia,
sukari iliyosokotwa na vipande vya protini; ndizo fito.
Juu ya fito sukari nyengine, yenye matawi; ndio udongo.
Na juu ya udongo mafuta marefu,
yamesimama bega kwa bega mpaka yakawa nta.
Dawa nyingi hufika mlangoni zikarudi.

"Na akitaka kuongeza chumba?"

Habomoi. Katikati hapagusi.
Huongeza nchani, huku na huku,
zaidi kwenye ncha kongwe.
Ana mkasi na ana sindano:
hukata uzi mmoja,
na upepo haujaingia keshashona wa pili.
Akijigawa, mtoto mmoja hurithi ncha yenye kazi,
mwenziwe aanze kujijengea yake.
Ndugu hawalingani,
ndio maana dawa haiwakuti wote pahala pamoja.

Alicheka, akakohoa, akageukia dirishani.
"Miaka ishirini najenga, bado nalala pavujapo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
sisi tumefundishwa skuli.
Yeye kazaliwa nayo.

Basi vidonge.
Sikumwambia vinabomoa.
Kimoja kinamnyima nta.
Kimoja kinauzuia udongo kabla haujakandikwa.
Kimoja kitakugeuza mkojo rangi ya chungwa, usiogope, hicho kina kazi nyengine.
Ukuta uko pale pale; fundi ndiye aliyekosa vifaa,
na kila akinyoosha mwili kukua
anapasuka.

"Na asiyetaka kukua?"

Sikutarajia aulize hilo.
Huyo hukaa kimya, hunenepesha lipu, hungoja tuchoke.
Miezi minne ya mwisho ni ya huyo.

Mwezi wa tatu hakuja.
Alikuwa kapata nafuu, na karafuu zilikuwa zimeuzwa,
na watu wa Pemba wakiuza karafuu hujenga.
Mwanaate alimfuata kwa baiskeli,
akamkuta juu ya jukwaa, mwiko mkononi,
vidonge vya siku kumi na tisa mfukoni mwa shati
vimegandana na chokaa.
Wakatazamana.
"Nilikuwa nampa yeye vifaa," Shaame akasema, akashuka.

Tukaanza upya.
Sitaisimulia miezi hiyo; ilikuwa mirefu na ya kichefuchefu.

Leo nimepita viwanja mia vya kioo chake, kimoja kimoja.
Buluu. Buluu. Kichembe cha vumbi. Buluu.
Nimetia sahihi nikatoka kumwambia,
nikamkuta ukumbini, mgongo kwetu,
anagonga kiambaza cha hospitali kwa kifundo cha kidole,
sikio limeinama,
kama daktari alivyomgonga yeye kifuani:
hapa pazima, hapa pazima,
hapa ndani pana uwazi.

"Nani aliwapigia lipu hii?" akauliza.
Sikujua.
Akagonga tena, karibu zaidi na dari.